Istilahi za Uzembe na Madai ya Kiraia miongoni mwa Wazungumzaji wa Kiswahili wa Asiatique, Bujumbura

Utangulizi

Katika mtaa wa Asiatique, katikati ya jiji la Bujumbura, Kiswahili ni lugha ya duka, ghala na msikiti. Mahakamani hali ni tofauti: shughuli huendeshwa kwa Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili huingia kupitia kwa mkalimani, wakili au jamaa anayefafanua. Msamiati wa sheria wa Kiswahili nao umekuzwa zaidi nchini Tanzania, ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hata hivyo, sheria ya Tanzania ina asili ya Uingereza, ilhali ya Burundi ina asili ya Ubelgiji na Ufaransa. Makala haya yanabainisha kuwa maneno yaliyozoeleka sokoni ndiyo yanayoweza kumpotosha mwenye shauri.

Tuchukue mfano wa kubuni: mfanyakazi wa ghala ameacha shimo wazi, na mchukuzi aliyebeba gunia ametumbukia na kuvunjika mguu.

Mdai na mdaiwa

Anayefungua shauri la kiraia ni mdai. Anayelijibu ni mdaiwa. Sokoni, mdaiwa ni mwenye deni. Mwenye ghala akijibu kwamba hajawahi kumkopa mchukuzi, hajakosea Kiswahili, amekosa ufafanuzi. Kumwita mshtakiwa hakutatui tatizo, kwa kuwa neno hilo ni la jinai na huashiria jela au faini.

Kosa na uzembe

Kanuni za msingi zinatokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye kutumika Ruanda-Urundi. Kifungu cha 258 kinamtaka anayemsababishia mwingine madhara kwa kosa lake ayafidie. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na ukosefu wa hadhari. Basi kosa hapa si lazima liwe uhalifu, wala mchukuzi halazimiki kuthibitisha kuwa shimo liliachwa wazi kwa makusudi. Aidha, kifungu cha 260 kinamfanya mwajiri awajibike kwa madhara yanayotokana na mfanyakazi wake akiwa kazini.

Istilahi wajibu wa uangalifu, inayotumika Tanzania na Kenya, inatokana na mkondo wa Uingereza, hasa shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson la mwaka 1932. Katika mkondo huo, mdai huanza kwa kuonyesha kuwa mdaiwa alikuwa na wajibu kwake. Mkondo wa Burundi huuliza mambo matatu: je, kuna kosa? Je, kuna madhara? Je, kosa ndilo lililosababisha madhara hayo? Mkalimani akiihamisha istilahi hiyo bila maelezo, humwongezea mdai kikwazo ambacho sheria haikukiweka.

Hasara, madhara na fidia

Kwa mfanyabiashara, hasara ni kinyume cha faida. Mchukuzi akiulizwa hasara yake, huenda akataja gharama za matibabu na ujira wa siku alizolala kitandani, akaacha maumivu. Neno madhara ni pana zaidi: linajumuisha mwili, mali na nafsi. Swali likiulizwa kwa neno finyu, dai nalo hufinyaa.

Fidia ina utata wake. Kwa Waislamu, neno hilo hutumika pia kwa chakula anachopewa maskini na mtu asiyeweza kufunga Ramadhani. Mahakamani, fidia haipimwi kwa uzito wa dhambi ya mlipaji, bali kwa madhara ya aliyeumia. Vilevile si faini, kwani faini huingia katika hazina ya serikali.

Hitimisho

Istilahi sanifu peke yake haitoshi. Kila istilahi iambatane na swali inalolijibu: nani anadai, kosa gani, madhara yapi, nani alipe. Kamusi ya sheria itakayowafaa wazungumzaji wa Asiatique haina budi kuonyesha pia mkondo wa sheria ambamo kila neno linatumika.