Vipusa waliopanda meli kufuata waume, na walionyimwa

Siku hizi demu akiolewa na jamaa wa ughaibuni, stori huwa ni viza, tiketi na simu za video usiku kucha. Sasa mfikirie kipusa wa miaka 19 kule Uingereza, mwaka wa 1946. Mumewe ni mwanajeshi wa Marekani ambaye vita vilipoisha alirudishwa kwao. Walikutana densini, wakachumbiana miezi michache, wakaoana. Nguo za raia hajawahi kumwona nazo!

Mabinti wapatao 70,000 wa Uingereza walijipata hapo. Meli zilikuwa zimejaa wanajeshi wanaorudi nyumbani, kwa hivyo wake wakaambiwa wangoje. Wengine walichoka, wakaandamana London na watoto mikononi, wakidai meli. Desemba 1945, Marekani ikapitisha sheria ya kuwafungulia mlango.

Kabla ya safari walipitia kambi ya jeshi ya Tidworth. Huko ni makaratasi, alama za vidole na ukaguzi wa afya ambao baadhi yao walisema uliwavunjia heshima. Januari 26, 1946, meli ya SS Argentina ikang'oa nanga Southampton ikiwa na wake zaidi ya 450, na watoto wao. Mezani palikuwa na mkate mweupe, kitu adimu kwao baada ya miaka ya mgao wa chakula. Shida ni kwamba Atlantiki wakati wa baridi si mchezo, na wengi walitapika njia nzima. Februari 4 wakafika New York. Kuna waliokuta maisha waliyoahidiwa, na kuna waliokuta kijumba shambani, mama mkwe akiwa ndani.

Hao angalau walifika. Ili kuoa, mwanajeshi alihitaji idhini ya kamanda wake. Jamaa akiwa mweusi na mchumba mzungu, jibu karibu kila mara lilikuwa hapana, hata msichana akiwa mjamzito. Kisha majimbo mengi ya Marekani yalikuwa yameharamisha ndoa kama hizo. Penzi lilikuwa lile lile, densi ile ile, ila huyu hakupewa nafasi melini.

Inakadiriwa watoto 2,000 hivi walizaliwa Uingereza na baba hao weusi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria hizo mwaka wa 1967. Watoto hao walikuwa wameshapita miaka 20, baadhi yao wakiwa wamelelewa katika makao ya watoto bila kumjua baba.