Nafasi ya Lugha katika Upimaji wa Utulizaji kwa Nitrasi Oksaidi katika Tiba ya Meno

Makala haya yanaeleza jinsi mwitikio wa mwili unavyopimwa mgonjwa wa meno anapotulizwa kwa nitrasi oksaidi, na yanadai kwamba lugha ni sehemu ya upimaji huo.

Nitrasi oksaidi, maarufu kama gesi ya kucheka, huvutwa kupitia kinyago cha puani ikiwa imechanganywa na oksijeni. Lengo si kumlaza mgonjwa kama katika nusukaputi, bali kumpunguzia hofu na maumivu akiwa macho. Wakati huo hufuatiliwa upumuaji, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Oksimita, kifaa kinachobanwa kidoleni, hutumia nuru kukadiria kiwango cha oksijeni katika damu. Tafiti zimeonyesha kwamba kifaa hicho huweza kukadiria kiwango hicho kupita kiasi kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi. Isitoshe, hakipimi kina cha utulizaji: aliyezama kupita kiasi huweza kuonekana salama, kwa kuwa anavuta oksijeni nyingi kuliko asilimia 21 iliyomo hewani.

Kina hicho hupimwa kwa mazungumzo. Chama cha Wataalamu wa Nusukaputi cha Marekani hutofautisha ngazi za utulizaji kwa mwitikio: katika utulizaji mdogo mgonjwa hujibu maneno kwa kawaida, katika ule wa kati hutenda kwa makusudi anaposemeshwa, au anaposemeshwa huku akiguswa, katika ule mzito huitikia tu baada ya kuchochewa mara kwa mara au kwa maumivu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapohitaji uangalifu. Kitenzi “kusikia” hubeba maana ya kupokea sauti na pia ya kuhisi. Daktari akiuliza “Unasikia?” ili kujua kama sauti yake inafika, mgonjwa huweza kujibu “Ndiyo” akikusudia maumivu. “Ganzi” hutaja hali ya mdomo iletwayo na sindano, na pia hali ya vidole iletwayo na gesi. Swali la “Husikii maumivu?” huweza kujibiwa “Ndiyo” na anayeumia na asiyeumia. Nalo “Hujambo?” huitikiwa “Sijambo” hata na mgonjwa mahututi, kwa kuwa adabu hutangulia hali.

Aidha, wagonjwa wengi wa ukanda huu hutumia Kiswahili kama lugha ya pili. Mgonjwa huweza kukawia kujibu kwa sababu anatafuta neno. Ukawiaji huo ukidhaniwa kuwa dalili ya kuzama, gesi hupunguzwa na maumivu hurudi. Kinyume chake, ukimya wa kuzama ukidhaniwa kuwa ugumu wa lugha, hatari huachwa iendelee.

Kwa hiyo miongozo ya tiba inapaswa kuweka mambo matatu. Kwanza, mgonjwa aulizwe lugha anayoimudu, na kasi yake ya kujibu iandikwe kabla ya gesi kufunguliwa, ili iwe kigezo cha kulinganishia. Pili, maagizo ya vitendo yatangulie maswali ya ndiyo na hapana: anayetii agizo la “Inua kidole gumba” amesikia, ameelewa na ametenda. Tatu, kwa kuwa kinywa hubaki wazi wakati wa matibabu, ishara ya mkono ya kuashiria maumivu ikubaliwe mapema. Sentensi za miongozo hiyo zijaribiwe kwanza kwa wasemaji wa maeneo mbalimbali, kama vile vifaa vinavyohakikiwa kabla ya kutumika.