Baskeli ya Mtoto Iliyotupwa: Namna ya Kuitengeneza na Kuivika Ngozi

Katika majaa ya mijini, na nyuma ya nyumba nyingi vilevile, huonekana mara kwa mara baskeli ndogo ya magurudumu matatu iliyotupwa na wenyewe. Kiti kimepasuka, vishikio vya mpira vimeoza, rangi imebabuka, na mtoto aliyeipanda zamani sasa ni mtu mzima. Wapitao huidhani kuwa takataka. Lakini ikiwa ni ya mabomba ya chuma, kama zilivyokuwa nyingi kabla ya plastiki kuenea, sehemu yake kubwa ingali hai. Iliyokufa ni ile iliyogusana na mwili wa mtoto, yaani kiti na vishikio, na hivyo viwili mtu mwenye subira aweza kuvifanya kwa ngozi na mkono wake mwenyewe, tena vikawa bora kuliko vile vya kwanza.

Kabla ya kununua uzi wala ngozi, yapasa chuma kitazamwe. Magurudumu yavuliwe, baskeli ipinduliwe, na kila mahali palipounganishwa kwa moto pafutwe na kuchunguzwa, hasa shingo ya usukani, maana hapo ndipo nguvu yote huangukia mtoto anapogonga kitu. Ufa mdogo huweza kuchomelewa na fundi wa jua kali kwa muda mfupi. Bali bomba lililoliwa na kutu hata likatoboka kwa ncha ya bisibisi halina dawa, na baskeli ya namna hiyo na irudi katika vyuma chakavu bila majuto.

Jambo la hatari kuliko kutu ni rangi. Zamani rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na kudumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo katika nyumba na vitu vya kuchezea mwaka 1978. Nchi nyingi nyingine zilikawia zaidi. Risasi iingiapo mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake unaokua, na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama. Kwa macho haitambulikani. Kwa hiyo rangi yoyote kuukuu haina budi kuhesabiwa kuwa inayo.

Si haba kumwona baba akipiga msasa baskeli kavu uani, naye mtoto ameketi miguuni pake akiingojea zawadi yake. Nia ni njema, lakini vumbi lile ndilo sumu yenyewe. Wala rangi hiyo isiunguzwe kwa moto, maana moshi wake hauna nafuu. Njia ifaayo ni kutumia msasa wa maji na kuulowesha kila mara ili vumbi lisiruke. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko, na watoto pamoja na mama wajawazito wasikaribie. Afanyaye kazi avae barakoa ya vumbi itumiwayo na mafundi, wala asidhani kwamba leso itatosha. Matope yanayobaki yafungwe katika mfuko wa nailoni, yasimwagwe shambani; na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Nati na vipande vidogo vyenye kutu hulazwa katika siki usiku kucha. Asubuhi husuguliwa kwa brashi ya waya, husuuzwa kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, hukaushwa na kupakwa mafuta papo hapo, la sivyo kutu itarudi kabla ya jioni. Kisha fremu hupakwa rangi mpya, ambayo kopo lake limeandikwa kwamba haina risasi, mara mbili au tatu, na kuachwa siku kadhaa hata iwe ngumu kabisa. Watu wenye haraka hupenda kushona ngozi kwanza na kupaka rangi baadaye, nao hujuta, kwa sababu ambayo itaelezwa.

Ngozi ni za namna mbili. Namna ya kwanza hutengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu. Ni laini, hustahimili maji, nayo hutumika sana kwa sehemu ya juu ya viatu. Lakini haishiki umbo. Namna ya pili hutengenezwa kwa maji ya maganda ya miti. Mmojawapo ni muwati, mti wa asili ya Australia uliopandwa sana katika nyanda za juu za Kenya, na maganda yake yakauzwa hata ng'ambo kwa kazi hiyo. Ngozi hii ikiloweshwa hulegea kama unga uliokandwa, na ikikauka hubaki katika umbo ililopewa. Ndiyo itakiwayo hapa. Kuitambua si kazi: ukate ukingo na kuutazama ndani. Ya maganda ni ya rangi ya hudhurungi hata katikati. Ya kromu mara nyingi huonyesha ukijivu wa samawati. Katika soko la Kariokor, Nairobi, mashuhuri kwa viatu na mikoba ya ngozi, si vigumu kumpata fundi wa kuulizwa.

Basi sababu ya kutanguliza rangi ni hii. Dawa iliyomo katika maganda ya miti ikikutana na chuma penye maji hugeuka nyeusi. Kwa asili hiyohiyo watu wa kale walitengeneza wino. Ngozi mbichi ya maji ikiwekwa juu ya chuma kitupu, kesho yake huwa na mabaka meusi yasiyofutika. Rangi iliyokauka vema huvitenga vitu hivyo viwili, na misumari na ribiti ziwe za shaba.

Kiti cha ngozi tupu, kisicho na kitu chini yake, kina historia yake. John Boultbee Brooks, aliyefungua kazi ya ngozi mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, alipata hati ya kiti cha baskeli cha ngozi mwaka 1882, na viti vya jina lake vingali vikiuzwa. Lakini ngozi ile nene hulainika kwa uzito wa mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu ana uzito upatao kilo 14 tu, na chini yake ingebaki ngumu kama ubao miaka yote. Afadhali bamba la chuma la kiti cha zamani libaki, liwekewe tabaka mbili za blanketi kuukuu, kisha ngozi ya unene wa milimita 2 au 3 ivutwe juu yake. Huloweshwa katika maji ya uvuguvugu hata mapovu yakome, hukandamizwa kwa vidole ifuate kila mkunjo, hufungwa kwa kamba, na kuachwa kivulini siku mbili. Isianikwe juani wala karibu na moto, maana itajikunja na kupasuka.

Kazi ya vishikio ndiyo isiyotakiwa kudharauliwa. Wengi hudhani ni pambo. Ukweli ni kwamba bomba la usukani lililo wazi mwishoni ni kama kisu cha duara, na mtoto akiangukia juu yake huweza kuumia tumboni, hata ndani, ingawa ngozi yake haikuchanika. Kwa hiyo mdomo wa bomba huzibwa kwanza kwa kipande cha mti, kisha hufunikwa kwa duara la ngozi lililoshonwa imara. Ngozi ya kuzungushia bomba hukatwa pungufu ya mzunguko kwa milimita 3 hivi. Ikiwa na maji hunyooka na kufika, na ikikauka hubana.

Matundu hupigwa alama kwa meno ya uma wa mezani ili yalingane, kisha hutobolewa kwa msharasi. Uzi wa katani uliopakwa nta huwa na sindano mbili, moja kila ncha, nazo hupishana katika kila tundu. Mshono huu ni wa polepole kuliko wa mashine, lakini uzi mmoja ukikatika wa pili hushika. Mshono uwe upande wa chini, usisugue kiganja.

Kabla mtoto hajapanda, mtu mzima na avute kila kishikio kwa nguvu zake zote na kukizungusha. Kikisogea hata kidogo, kishonwe upya. Nati zikazwe tena baada ya juma moja. Baskeli hizi nyingi hazina breki, na pedali huzunguka pamoja na gurudumu la mbele, kwa hiyo zisipelekwe penye mteremko. Ikinyeshewa na mvua, kiti kifutwe, kikauke kivulini, kisha kipakwe nta kidogo.