Makonyo Nayo Yana Mafuta

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, kazi ya jioni huhamia barazani. Magunia yakishashushwa humwagwa juu ya jamvi, watu wa nyumba wakakaa kulizunguka na kuanza kuchambua. Kishada hubanwa kwenye kiganja na kusokotwa. Karafuu zinaangukia huku, vijiti vilivyozishika vinarundikwa kule. Vijiti hivyo ndiyo makonyo.

Karafuu yenyewe haihitaji kusifiwa. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa ghala la zao hilo. Makonyo hayana heshima hiyo wala bei hiyo, lakini nayo huanikwa, hupimwa na kupelekwa Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda cha mafuta cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC.

Hapo hapakamuliwi kitu kama inavyokamuliwa alizeti. Makonyo hushindiliwa ndani ya tangi kubwa, kisha mvuke wa maji hupitishwa kutoka chini. Ujanja wote uko hapa. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, ambayo ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi joto 254, na kwa moto wa namna hiyo harufu nzuri ingeharibika. Lakini maji na mafuta, kwa kuwa havichanganyiki, kila kimoja hutoa mvuke wake, na mivuke hiyo miwili hushirikiana kuushinda mgandamizo wa hewa. Kwa hiyo vyote hupanda pamoja kabla hata ya kufika nyuzi 100.

Mvuke huo hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji baridi na kurudi kuwa kimiminika. Mgeni aliyezoea mafuta yanayoelea atashangaa: haya ni mazito kuliko maji, hivyo huzama. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa kilo 5 au 6 hivi. Karafuu yenyewe ingetoa mara tatu yake, lakini kuitia karafuu ya daraja la kwanza tangini ni hasara ya wazi.

Eujenoli hutia ganzi na kuua vijidudu. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, na ndiyo harufu inayompokea mgonjwa mlangoni. Zamani viwanda vya ng'ambo viliigeuza kuwa vanilini ya kutia ladha kwenye vyakula.

Anayenunua kichupa cha mafuta haya asiyapake fizi bila kuyazimua kwa mafuta mengine, kwani huunguza. Na mtoto asinyweshwe kabisa: kiasi kidogo tu kinaweza kumdhuru ini.