Mkuyu na Ndege wa Kiangazi Mkoani Singida

Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, theluji inapoifunika ardhi, ndege wasiohama hujilisha matunda madogo mekundu yaliyosalia mitini. Huku Singida msimu wa njaa kwa ndege ni kiangazi. Mvua hukoma yapata mwezi wa Mei, na hadi Novemba vichaka vya Manyoni na Itigi aghalabu huwa vimepukutisha majani. Hata hivyo, mtu akiketi alfajiri karibu na mkuyu ulioota kando ya korongo aweza kuwaona shore, kuzumburu, ninga na hondohondo wakigombea matunda mabivu. Yawezekanaje mkuyu kuzaa wakati miti mingine imelala?

Jibu limo ndani ya kuyu lenyewe. Kuyu ni kifuko kilichofumba, chenye mamia ya maua madogo yanayoelekea ndani, ambayo nyuki hawezi kuyafikia. Aingiaye ni nyigu mdogo mno, mfupi kuliko punje ya mtama. Hupenya katika kitundu chembamba, huyachavusha maua, hutaga mayai, kisha hufia humo. Watoto wake wa kike hutoka na chavua kutafuta kuyu changa, nao maisha yao ni siku moja au mbili tu. Lau mikuyu yote ingezaa mwezi mmoja, nyigu hao wangekufa bila kupata pa kutagia. Ndiyo sababu kila mkuyu hushika wakati wake: huu una makuyu machanga, ule mabivu. (Misri, ambako nyigu huyo hayupo, wakulima tangu enzi za Mafarao wameyachanja makuyu kwa kisu ili yaive.)

Mtazamaji asihesabu ndege tu, bali aangalie pia namna walavyo. Ninga ana firigisi imara, naye husaga mbegu nyingi. Kwa mkuyu, huyo ni mgeni wa hasara. Shore na hondohondo huzipitisha mbegu zikiwa nzima na kuziangusha mbali pamoja na kinyesi.

Basi penye mikuyu kumi, huenda mmojawapo ukawa na chakula katika juma lolote. Ikikatwa minane kwa ajili ya mbao na kuni, majuma matupu hutokea. Nyigu huweza kuchukuliwa na upepo kutoka mbali, makumi ya kilomita. Kuzumburu mwenye njaa mwezi wa Septemba hana majuma ya kungojea.

Jua likizama ndege huondoka, na popo huingia zamu katika mkuyu uleule.