ARV na dawa za maumivu: lini huchanganywa, lini ni hatari

RUSUMO, Ngara – Maumivu ya mgongo na viungo si jambo geni kwa dereva wa lori anayefika Rusumo baada ya safari ya zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Bandari ya Dar es Salaam. Wakati nyaraka za mzigo zikikaguliwa katika Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, kilichofunguliwa rasmi Aprili 2016, duka la dawa huwa karibu kuliko zahanati, na dawa inayoombwa mara nyingi ni diklofenaki. Kwa mtu mwenye afya njema, vidonge vichache huenda visilete madhara. Kwa anayeishi na Virusi vya UKIMWI (VVU) na kumeza dawa za kufubaza virusi (ARV) kila siku, ununuzi huo unahitaji kwanza maelezo ya mtaalamu.

Sababu iko kwenye figo. Tangu mwaka 2019, watu wazima wengi wanaotumia ARV nchini wamehamishiwa kwenye kidonge kimoja cha siku chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudini na dolutegravir, kinachofahamika kliniki kwa jina la TLD. Tenofovir hutolewa mwilini kupitia figo. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa nyingine za kundi hilo hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali zinazosababisha uvimbe, lakini baadhi ya kemikali hizo ndizo zinazosaidia mishipa ya figo ibaki wazi na kupitisha damu ya kutosha. Zikizuiwa, figo hupata damu kidogo huku zikiendelea kubeba kazi ya kuitoa tenofovir. Mwaka 2013 watafiti nchini Ujerumani waliripoti wagonjwa waliopata hitilafu ya ghafla ya figo muda mfupi baada ya kuanza diklofenaki wakiwa kwenye tenofovir. Hatari huongezeka kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, kwa mzee, na kwa aliyepungukiwa maji mwilini, kama alivyo mtu aliyeendesha gari kutwa nzima akiepuka kunywa maji ili asisimame njiani.

Haina maana kwamba anayetumia ARV avumilie maumivu. Parasetamo kwa kipimo sahihi haina mgongano huo, na daktari anaweza kuruhusu diklofenaki kwa siku chache baada ya kujiridhisha na hali ya figo.

Suala hili ni pana kuliko maumivu ya mgongo. Mwili unapopambana na kirusi, chembechembe za kinga hutoa kemikali zinazoleta joto, uvimbe na maumivu. Hali hiyo kitaalamu huitwa inflamesheni. Jeraha likipona, nayo huisha. Kwa VVU haiishi kabisa. ARV huzuia kirusi kuzaliana hata kipimo cha damu kisikione, lakini kirusi hubaki kimejificha ndani ya baadhi ya chembe, na kinga huendelea kuwaka polepole kwa miaka mingi, ikichosha moyo na mishipa ya damu. Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, leo una watu waliozeeka wakiwa kwenye tiba, kwa kuwa ARV zilianza kutolewa bure kwa mpango wa kitaifa mwaka 2004.

Je, basi waongezewe dawa ya kuzima inflamesheni? Utafiti umetoa majibu yasiyofanana. Utafiti mkubwa wa SMART, uliohusisha watu zaidi ya 5,400 katika nchi 33 na kuchapishwa mwaka 2006, ulionesha kuwa waliosimamisha ARV na kuzianza tena kwa vipindi walikufa zaidi kuliko waliomeza bila kukatisha, na viashiria vya inflamesheni katika damu vilihusiana na vifo hivyo. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kushusha inflamesheni kwa mwenye VVU ni ARV yenyewe, ikimezwa kila siku. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa watu 7,769, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki, ulibaini kuwa pitavastatini, dawa ya kupunguza lehemu ambayo pia hutuliza inflamesheni kwa kiasi, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa takribani asilimia 35 ikitumiwa pamoja na ARV.

Steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, zina nguvu zaidi na kwa hiyo zina masharti zaidi. Mgonjwa mwenye VVU na kifua kikuu, ambaye kinga yake imeshuka sana, anapoanza ARV kinga hurudi kwa kishindo na kuvishambulia vijidudu vya kifua kikuu vilivyotapakaa mwilini. Tezi huvimba na homa hupanda, na mgonjwa hudhani ARV zimemdhuru. Wapo wanaoziacha hapo, wakati ambapo wanazihitaji kuliko wakati wowote. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2018 ulihusisha wagonjwa 240 wa namna hiyo. Waliopewa prednisoni kwa wiki nne walipata hali hiyo kwa asilimia 33, ikilinganishwa na asilimia 47 ya wasiopewa. Huo ni mchanganyiko wenye manufaa, lakini kwa wagonjwa waliochaguliwa: wenye saratani ya ngozi ya Kaposi na wenye homa ya ini aina ya B hawakujumuishwa, kwa kuwa steroidi zinaweza kuchochea maradhi hayo.

Uganda, Malawi na nchi nne za Asia zilishuhudia upande wa pili. Wagonjwa 451 wenye VVU na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu aina ya kriptokoka waliingizwa katika utafiti wa deksamethasoni. Ilitarajiwa kuwa kupunguza uvimbe kwenye ubongo kungeokoa maisha. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: waliopewa deksamethasoni walipata ulemavu na madhara zaidi, na kuvu lilichelewa kuondoka. Dawa iliyowasaidia wagonjwa wa Cape Town haikufaa hapa. Kwa macho tu, hata mhudumu mzoefu hawezi kutenganisha homa ya uti wa mgongo ya kuvu na ya kifua kikuu. Vipimo ndivyo huamua.

Kipimo cha dawa nacho hubadilika. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha ini kuvunja prednisoloni na dolutegravir pia, ndiyo maana mgonjwa wa TB huongezewa kidonge cha pili cha dolutegravir saa 12 baada ya TLD. Ritonavir, iliyomo katika tiba ya baadhi ya wagonjwa walio kwenye mstari wa pili wa ARV, hufanya kinyume: huacha steroidi ijikusanye mwilini, hata ile ya kuvuta kwa ajili ya pumu.

Prednisoloni ni dawa ya cheti. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, kwa sababu mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wa asili. Kipimo hushushwa hatua kwa hatua.

Anayetumia ARV na kusafiri kupitia Rusumo, Kabanga au Biharamulo anashauriwa kubeba kadi yake ya CTC1 na kuionesha popote anapotaka kununua au kuandikiwa dawa nyingine, hata ya maumivu. Asiyependa kuionesha dukani anaweza kwenda kwenye kliniki ya tiba na matunzo iliyo karibu, ambako huduma ni ya faragha. Mkojo ukipungua, miguu ikivimba au kichefuchefu kikizidi baada ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni, dawa hiyo isimamishwe, ARV ziendelee kumezwa, na mgonjwa awahi kituo cha afya siku hiyohiyo kupimwa figo.