Televisheni Ndogo Katika Jiko Dogo la Mwambao

Mtu akiambiwa kwamba wako watu wanaotaka kuweka televisheni jikoni, huenda akacheka. Atasema kwamba hiyo ni anasa ya matajiri wa mijini, wenye majiko ya gesi na makabati ya vioo. Sisi hatukubaliani naye, na hoja yetu tunaitoa katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma na Quionga, karibu na mdomo wa mto Ruvuma.

Saa za Msumbiji ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja. Kwa hiyo taarifa ya habari inayosomwa Dar es Salaam saa mbili ya usiku huonekana Palma, kwa mwenye kuyanasa matangazo hayo, wakati saa za huko ndiyo kwanza zimetimia saa moja. Na saa moja ya usiku mama wa nyumba yuko wapi? Yuko jikoni, chungu ki motoni, na samaki bado hawajatiwa tui. Seti iko chumbani au barazani, wanaume na watoto wameizunguka. Taarifa yenyewe ni ya Kiswahili, lugha ambayo kina mama wengi wa mwambao ule huifahamu kwa wepesi kuliko Kireno, lakini wao huipata kwa vipande tu, kupitia mlangoni.

Jambo hili si la upuuzi. Tarehe 25 Aprili, 2019, kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Cabo Delgado kwa nguvu ambayo wazee wa huko hawakuwahi kuiona. Onyo la kimbunga hutangulia upepo wenyewe, na anayelisikia mapema huwahi kuingiza ndani unga na kuni, kuteka maji, na kuwahesabu watoto. Kazi hizo aghalabu ni za yule yule aliye jikoni.

Msumbiji ilianza matangazo ya majaribio ya televisheni mjini Maputo mwaka 1981, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake hata mwaka 1994. Seti za zama hizo zilikuwa masanduku mazito yenye mrija wa picha, na hazikufaa kabisa kukaa jikoni. Kioo chake kilijaa umeme tuli uliovuta vumbi na masizi, hata baada ya juma moja msomaji wa habari akaonekana kama amesimama ukunguni. Seti bapa za sasa zimeiondoa taabu hiyo kwa sehemu kubwa. Seti ya inchi 19 ina upana wa sentimita 43 hivi, na uzito wake hauzidi sana kilo tatu. Nafasi ya kuiweka ipo hata katika jiko la mita mbili kwa mbili na nusu. Kazi iliyopo ni kupajua mahali pake.

Adui wa kwanza ni moshi. Moshi wa kuni hupanda na kutanda chini ya makuti, kwa hiyo anayeitundika seti juu kabisa, akidhani ameiepusha na watoto, ameiingiza katika moshi. Anayeiweka chini ameikabidhi kwa maji, mafuta yanayoruka na mikono ya watoto. Kisha upepo haukai mahali pamoja. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi ikatoka kaskazini-mashariki, na kila msimu moshi hubadili njia. Lakini mwambao ule unatazama mashariki, na pepo zote mbili zina asili ya upande wa bahari. Basi ukuta wa mashariki ndio ulio safi zaidi mwaka mzima, mradi paa lake halivuji, na figa zikae upande wa magharibi. Baina ya moto na seti iwepo mita moja na nusu kwa uchache.

Jambo la pili ni macho ya mpishi. Vitabu vya mafundi humdhania mpishi aliyesimama mbele ya meza. Mpishi wetu amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, au juu ya kigoda akipalia moto, na macho yake hayazidi sana sentimita 75 kutoka sakafuni. Kioo cha seti za bei nafuu, kikitazamwa kutoka chini, hutia giza na kugeuza rangi. Kwa hiyo kitovu cha picha kikae kama sentimita 120 kutoka sakafuni, na seti iinamishwe kidogo kuelekea chini, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

Kuta nazo zina hesabu yake. Msumari uliopigwa katika udongo haushiki kitu. Mwenye nyumba agonge ukuta kwa kifundo cha kidole mpaka aisikie miti ya mikoko iliyo ndani, apige ubao juu ya miti miwili, kisha aitundike seti kwenye ubao huo. Anayekaanga samaki aifunike seti kwa kanga, lakini baada ya kuizima, kwani ikifunikwa huku inawaka hupata joto na kuharibika.

Tumefika kwenye umeme, na hapa hatutanii. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba, 2017, na kuikumba Palma mwezi Machi, 2021, viliwaondoa watu makwao, na wapo waliorejea wakaanza upya kwa chumba kimoja na jiko. Kwa mtu wa namna hiyo betri na kipande cha paneli ya jua ndiyo njia iliyo karibu. Achague seti ya volti 12, isiyohitaji mashine ya kuugeuza umeme, maana mashine hiyo nayo hula sehemu yake. Seti ya wati 20 pamoja na king'amuzi cha wati 10, zikiwaka saa nne, hutumia wati-saa 120, yaani kama ampea-saa 10 za betri hiyo. Betri ya ampea-saa 40, ikiwa haimalizwi zaidi ya nusu, yatosha na akiba ikabaki. Lakini asome maandishi ya nyuma ya seti: betri inapochajiwa volti hupita 14, na si kila seti huvumilia. Waya uwe mnene na mfupi, usipite juu ya moto, na kabla ya kuingia katika seti uachwe ulegee chini ya tundu lake ndipo upande, ili maji yakiteremka na waya yadondoke pale ulipolegea. Vichwa vya waya vifutwe mara kwa mara, kwani hewa ya chumvi huvila.

Palipo na jiko lililoshikamana na chumba, sisi tunapendelea njia nyingine kuliko hizi zote. Ubao wa seti ufungwe kwa bawaba kwenye mhimili wa mlango wa kati, upande wa mbali na moto, ili mchana uelekee chumbani na jioni ugeuzwe kuelekea jikoni. Moshi ukizidi, unarudishwa chumbani na mlango unafungwa. Seti ni moja, na gharama iliyoongezeka ni ya bawaba mbili imara na parafujo zake. Wapo watakaosema kwamba wanaume hawatakubali ubao ugeuzwe wakati wa mpira. Lakini taarifa ya habari ni ya saa moja, na mpira mara nyingi huanza baadaye, wali ukiwa umekwisha kupakuliwa.